Kuku Wako Wamemla Shuleni

Mama Kabula,

Kuku wako wamemla. Naanza na hilo maana najua wewe ungetaka kwanza habari za mvua, za majirani, za nani kaoa, halafu ndiyo tufike kwenye jambo. Sina muda huo. Yule kishingo wako, yule asiye na manyoya shingoni, ambaye mama yako alimpa Kabula. Wamemchinja shuleni wakampikia mgeni. Shuleni, Mama Kabula. Kwa wale watu uliokuwa unawapisha njia wakipita, eti wamesoma.

Na sikuandikii wewe tu. Nikimaliza barua hii naibandika kwenye ule ubao wa nje ya ofisi yao. Kila mzazi anayekuja kuuliza habari za mtoto asome. Mwalimu mkuu kama hapendi, abandue.

Unakumbuka tulivyomtoa Sengerema. Mama yako alimfunga miguu na kipande cha kanga, akamtia kwenye kapu, akamkabidhi Kabula ambaye hata kutembea alikuwa bado anaanguka. Akasema kuku huyu ni wa mtoto, asiuzwe, asichinjwe, watakaozaliwa ndio muwale. Daraja bado lilikuwa nguzo tupu, tukasubiri kivuko pale Busisi na jua lile. Katikati ya maji kuku akaanza kuhangaika kwenye kapu. Mimi nikasema huyo anakufa, tumchinje kabla. Wewe ukaingiza mkono ukatoa yai. La moto. Abiria wakapiga makofi kama umejifungua wewe. Yule mama wa viazi akakupa na hongera.

Ukalishika mkononi mpaka Usagara, mpaka Igogo, mpaka huku juu kwetu kwenye mawe. Hukuliweka chini. Nikakuuliza unalishikia nini muda wote huo, yai tu. Ukasema, "Na wewe kuna mtu alikushikia."

Tangu hapo kila mwanamke wa huku juu aliyetaka kuanza kufuga alikuja kwako. Ulikuwa unampa kishingo akaatamie kwake, vifaranga mnagawana, mama anarudi. Ulikuwa unasimama mlangoni, mikono kiunoni: "Nimekupa aangue. Sijakupa ule." Na hakuna aliyekula. Watu wanaoomba chumvi kila jioni, hawakula. Watu waliolala na njaa kuku yuko chini ya kitanda chao, hawakula. Kumbe kumla kuku wa kuazima kunataka cheti.

Halafu wewe ukalala kitandani na kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikapita. Kuku wote wakaisha, akabaki yeye. Halafu ukaisha wewe. Tukabaki yeye, mimi na Kabula, na Kabula akanyamaza.

Hilo hukuliona. Alinyamaza kabisa. Shule anaenda, anarudi, neno hakuna. Ukimwuliza kitu anatikisa kichwa. Dada zako walikuja wakasema apelekwe kwenye maombi. Wengine wakasema apigwe kidogo ataongea. Niliwafukuza wote, pamoja na wale wa maombi. Mtoto alikuwa anaongea na kuku tu. Mimi naponda kokoto zangu hapa nje, namsikia nyuma ya nyumba anamwambia kishingo mambo ya shule, nani kalia, nani kajikojolea. Nikigeuka ananyamaza.

Siku moja akaja akasimama mbele yangu akasema, "Baba, mwalimu anataka kuku anayetamia."

Nikaweka nyundo chini. Siyo kwa sababu ya kuku. Kwa sababu ya "baba".

Nikamwuliza anamtaka wa nini. Akasema wanasoma maisha ya wanyama. Kuna karatasi kubwa ukutani, imechorwa yai, mshale, kifaranga, mshale, kuku, mshale, inarudi kwenye yai. Nikacheka mpaka nikakohoa. Mtu kasoma mpaka chuo, kapewa chaki, katumwa Igogo kuja kuwaambia watoto kwamba kuku anatoka kwenye yai. Kesho atawafundisha kwamba ziwa lina maji.

Jioni mwalimu mwenyewe akapanda. Binti wa Bukoba, mwembamba, viatu vya kuchongoka, anapita kwenye mawe yetu kama mbuzi mgonjwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kwenu Bukoba hamna kuku?"

"Wapo baba. Wako mbali."

"Na watoto wa huku wana shida gani? Hawajawahi kuona yai?"

Akasema amewauliza darasani yai linatoka wapi. Nusu ya darasa la kwanza wakajibu, kwa Mangi, dukani.

"Na hao wengine?"

"Kwenye trei, baba."

Nikamwuliza, na Kabula kasema nini. Akasema Kabula alinyoosha mkono. Tangu aingie darasa lake hajawahi kunyoosha mkono. Akamwita, Kabula akasimama akasema, "Mimi ninaye, na anatamia," akakaa.

Basi nikatoa. Ungekuwepo ungetoa haraka kuliko mimi, tena ungemsindikiza mwalimu mpaka chini. Nikamwambia yale yale yako. Vifaranga tunagawana, mama anarudi, nimekupa aangue sijakupa ule. Akasema, "Nimeelewa, baba." Nikamwambia nyinyi watu wa shule mnaelewa upesi sana, ndiyo maana nawaogopa.

Wakamweka kishingo kwenye kona ya darasa, kwenye kapu lake lile lile na mayai yake. Kabula ndiye akawa mwenye kuku. Ni yeye anaweka maji, ni yeye anatupa pumba. Mwalimu akawaambia kuku anayetamia hataki kelele, basi darasa la kwanza zima likawa linanong'ona. Umewahi kusikia wapi? La pili wanapiga kelele, la tatu wanapigana, la kwanza wanasoma a-e-i-o-u kama wako kanisani wanaiba. Mwalimu naye anafundisha kwa kunong'ona. Nilipita pale na toroli la kokoto nikadhani shule imefungwa.

Na Kabula akafunguka. Mwanzo maneno ya kuku tu. Anakuja anasema, "Baba, leo mwalimu amewasha tochi ya simu nyuma ya yai, kuna mishipa." Namwambia kula ugali. Kesho yake, "Baba, kina moyo. Unadunda. Nimeuona mimi, Neema hajauona kwa sababu anasukuma." Namwambia kula ugali. Nasema hivyo maana ningesema kingine ningelia mbele ya mtoto, na ugali wenyewe ningeuharibu.

Siku moja akaniuliza, "Baba, na mimi mama alinitamia?"

Nikasema ndiyo. Sana tu.

Haya. Sasa sikiliza walichofanya.

Kuna mgeni alikuwa anakuja kukagua shule. Wewe unawajua wageni wa shule. Siku nzima watoto wanafagia na kumwagia maji maua yasiyokuwepo jana. Na mgeni ni lazima ale kuku. Hata kama shule haina madawati, kuku lazima. Walikuwa wamemnunulia jogoo, wakamfunga na kamba mbovu, jogoo akakata kamba akapotelea kwenye mawe. Mwenye akili peke yake siku hiyo alikuwa yule jogoo.

Mwalimu mkuu akamwambia mpishi, si kuna kuku darasa la kwanza? Mpishi akasema yule ni wa kufundishia. Mkuu akasema aliye shuleni ni wa shule. Hivyo tu. Mtu mzima, ana tai, ana miwani, hajui kuku wa kuazima na kuku wa mwenyewe. Mtoto wa huku juu wa miaka minne anajua.

Mwalimu wa Bukoba hakuwepo, alikuwa ametumwa chini barabarani kuchukua soda za mgeni. Mpishi akaingia darasani. Kabula akasimama mbele ya kapu.

"Huyu anatamia."

"Na mimi nimetamia wanne, mbona niko jikoni?" Mpishi huyo. Watoto wakacheka, wakadhani ni sehemu ya somo. Akamshika kishingo mabawa akaondoka naye.

Wewe unajua kuku anayetamia anavyokuwa. Hali, hanywi vizuri, amebaki mifupa na hasira. Wakampika huyo. Wakamweka mbele ya mgeni kwenye sahani yenye maua. Natumaini alitafuna mpaka taya zikamuuma.

Akamaliza, akaingia darasa la kwanza, tumbo mbele, kijiti mdomoni. Mwalimu wa soda alikuwa ndiyo amefika, hata hajajua kitu. Mgeni akatazama lile karatasi la ukutani akafurahi.

"Haya watoto. Mwanzo ni nini?"

"Yai!"

"Halafu?"

"Kifaranga!"

"Halafu?"

"Kuku!"

"Safi sana. Na baada ya kuku?"

Mwanao akasimama. "Mgeni."

"Mgeni?"

"Ndiyo. Yai, kifaranga, kuku, mgeni."

Mwalimu anasema yule mtu alicheka mpaka akashika meza. Akamwambia mkuu darasa hili linafikiri, hongereni. Akaondoka na kijiti chake. Hakuuliza kwa nini watoto wote wamevua masweta na masweta yote yako kwenye kapu moja pale kwenye kona. Walikuwa wameyafunika mayai. Hawakuambiwa na mtu. Ndiyo hao hao waliosema yai linatoka kwa Mangi.

Mimi narudi jioni kutoka kushusha kokoto, namkuta mwalimu amekaa kwenye jiwe langu la kupondea, viatu mkononi, machozi na makamasi yanamtoka. Kabula pembeni amekumbatia kapu la masweta.

"Baba Kabula, wamemla," mwalimu akasema.

"Wamemla nani?"

Kabula ndiye aliyejibu. Akanieleza yote kama ninavyokueleza wewe, kwa sauti, bila kunong'ona.

Nikamgeukia mwalimu. "Mwalimu, hiyo ndiyo hatua gani? Iko kwenye karatasi lako? Mshale wake unaelekea wapi?" Nilikuwa na mengine, Mama Kabula, makubwa kuliko hayo. Nilikuwa nayapanga. Nikaona mwalimu amebana mkono mmoja, hausogezi. Nikamwuliza umeumia? Akasema hapana. Kuna yai kwapani. Halikutosha kwenye masweta, akalibeba hivyo kutoka shule mpaka juu.

Na Kabula akasema, "Baba, acha kugomba. Yanapoa."

Kwa hiyo nikaacha.

Sasa huku juu nzima aliyekuwa na ndege anayetamia siku ile ni mtu mmoja. Mama Masatu. Najua. Ungenikataza. Lakini ungenikataza halafu ungekwenda wewe mwenyewe kwa mlango wa nyuma. Ni huyo huyo uliyemwambia bombani, mbele za watu, kwamba vifaranga vyako havichukuliwi na mwewe wa angani, vinachukuliwa na mwewe wa kuvaa kanga. Mpaka unakufa hamkusalimiana. Msibani kwako alileta maji akayaweka nje, hakuingia.

Nikabisha hodi. Akatoka, akaniangalia, akaangalia kapu.

"Karibu. Leo umekuja kwa mwewe?"

"Una bata anatamia?"

"Ninaye. Na hana maneno, siyo kama wengine."

Nikamweleza. Alivyosikia kwamba wamemla kishingo alitukana tusi la Kikerewe ambalo mwalimu hakulielewa, na nashukuru. Akasema, "Yule kuku nilitaka kumwiba miaka yote, kumbe kazi hiyo inafanywa na mwalimu mkuu." Halafu akasogeza kitanda. Bata yuko chini pale, mkubwa kama mto wa kulalia. "Weka. Ila tunagawana. Na mimi nachagua kwanza."

Ningefanya nini? Nikakubali.

Kesho yake nikaitwa ofisini. Mkuu yuko na mwenyekiti wa kamati, wamekaa kama wanaoa. Juu ya meza kuna kuku wa kisasa, mweupe, mnene, hawezi hata kujigeuza. Mkuu akasema kulitokea kutoelewana kidogo, shule inanirudishia kuku, tena huyu ana kilo nyingi kuliko yule, mzee, kwa hiyo umepata faida. Mwenyekiti akaongeza, "Kuku ni kuku."

Nikamwambia, "Na mke ni mke, siyo? Basi nitafutieni na huyo, akae hapo mezani."

Wakaangalia makaratasi. Wote wawili. Mikono inayoshika kalamu tangu asubuhi mpaka jioni, hakuna hata mmoja uliokuwa na kitu cha kuandika. Nikawaambia kuku yule alikuwa anafundisha. Alikuwa anafika kabla yenu, haendi kunywa chai, na mtoto wangu aliyeshindikana kwenu nyote yeye alimfungua mdomo. Nyinyi mmemla mwalimu mwenzenu mkachokonoa meno. Nikaondoka. Yule mweupe nilimwacha pale pale. Nikiwa mlangoni nikasikia mkuu anapiga kelele, kuku ameyanyea makaratasi yake. Nilimheshimu kidogo yule kuku.

Nyumbani Kabula alikuwa amenyamaza tena. Hapo ndipo niliogopa, Mama Kabula. Siku zile zote anakwenda kwa Mama Masatu, analala kifudifudi kwenye sakafu, anaangalia chini ya kitanda, harudi mpaka aitwe. Haongei na bata. Haongei na mimi. Nikawa naponda mawe nafikiria yale mayai kama nimeyataga mimi. Nikawa najiambia yasipoanguliwa, huyu mtoto sitamsikia tena. Nikasema hata na wewe. Nilikuomba, kama una mtu unamjua huko.

Halafu asubuhi moja akaja anakimbia kwenye mawe. "Baba! Linagonga kwa ndani!"

Mwalimu akaleta darasa zima. Wamepanda huku juu kwa mstari, wameshikana masweta, na hakuna anayepiga kelele, wameshazoea. Mwalimu safari hii kavaa kandambili. Anajifunza. Mama Masatu akasogeza kitanda akasema, "Angalieni. Na mtakaponichafulia sakafu mtadeki." Wakaangalia. Nami niliangalia, juu ya vichwa vyao. Nimeona kuku wanaanguliwa maisha yangu yote na sikuwahi kusimama nikaangalia. Inachukua muda. Kile kitu kinapumzika, kinasukuma, kinapumzika. Mtoto mmoja akanong'ona, "Si asaidiwe?" Kabula akamjibu, "Acha. Anajua."

Siyo yote yalianguliwa. Mengine yalishapoa siku ile. Vifaranga vilivyotoka vilikuwa na manyoya yao kama kawaida, meusi, ya njano. Kimoja tu kilitoka shingo tupu. Kibaya, chekundu, shingo kama kidole kilichobanwa na mlango.

Kabula akakiona. Mama Masatu akamwona Kabula anavyokiona. Na kuchagua kwanza ni yeye, tuliongea.

Akachuchumaa. Akachukua cheusi, akaweka kwenye ungo wake. Akachukua cha njano. Mkono ukapita juu ya kishingo ukasimama. Mwalimu alikuwa ameniminya mkono, sijui hata kama alijua. Mama Masatu akakinyanyua, akakigeuza, akakitazama shingo, akanitazama mimi.

"Kibaya. Kama baba yako. Mimi siwezi kuamka kila asubuhi naangalia hiki."

Akakitia kwenye kiganja cha Kabula. Akamfungia vidole.

"Ukienda kaburini mwambie mama yako. Mwewe amerudisha."

Kabula peke yake hawezi kufika Sengerema ulikozikwa, kwa hiyo ujumbe naufikisha mimi. Sasa umefika. Na Mama Masatu anakuja hapa jioni, tunagombana vizuri, ugali anapika mbaya kuliko wewe.

Kifaranga kimekua. Ni tetea. Ameanza kutaga, na wiki hii amegoma kutoka kwenye kapu, anatamia. Kabula yuko la pili. Mkuu kasikia. Kamtuma mwalimu wa Bukoba aje kuuliza kama la kwanza wapya wanaweza kumwazima, maana yule mgeni aliwasifia kwa wakubwa wake na wengine wanataka kuja kuona. Hawana aibu. Mwalimu mwenyewe alisema kwa kuangalia chini. Mimi nikasema hapana, tena nikasema mbaya. Kabula akasema ni wake, atapeleka mwenyewe.

Nikamfuata kwa mbali. Akapita darasani, hakuingia. Akaenda moja kwa moja ofisini na kapu kichwani, akalishusha mlangoni kwa mkuu, akaweka mikono kiunoni. Hakuna aliyemfundisha hiyo mikono.

"Shikamoo mwalimu mkuu."

"Marahaba."

"Nimekupa aangue. Sijakupa ule."

Shule nzima ilisikia. Mkuu akavua miwani, akavaa. Akasema, "Sawa, mama."

Alimwita mama, yule bwana. Nimemdharau mwaka mzima, na bado namdharau, lakini hapo alisema neno.

Lala sasa. Huku nyumbani kelele zimerudi.

Mumeo,
Baba Kabula